Doa lisilouma

Magonjwa ya ngozi ni mengi, na karibu yote humsumbua mtu: upele huwasha, jipu huuma, kidonda hutoa usaha. Anayesumbuliwa hutafuta dawa upesi. Lakini liko doa moja lisilowasha wala kuuma, nalo ndilo la kuogopwa zaidi. Ni doa la ukoma. Mwenye doa lile hulima, hula, hulala vizuri, basi hungoja. Na kule kungoja ndiko kunakomharibu mikono.

1. Sababu gani doa haliumi?

Mwaka 1873, katika mji wa Bergen, nchi ya Norwei, mganga Armauer Hansen aliviona vijidudu vya ukoma kwa mikroskopi. Hivyo ilijulikana kwamba ukoma si laana, si uchawi, wala si urithi wa wazazi.

Vijidudu hivyo hupenda sehemu za mwili zenye ubaridi: ngozi, pua, masikio, vidole. Huingia katika mishipa ya fahamu, ile ichukuayo habari za moto na za maumivu. Mshipa ukifa, habari haifiki. Mtu hushika sufuria ya moto bila kusikia. Hukanyaga mwiba na kuendelea na safari. Watu husema ukoma hula vidole. Sivyo. Vidole huharibika kwa vidonda ambavyo mwenyewe hakuvisikia.

Tena vijidudu hivyo ni vivivu. Kimoja hukaa karibu siku 13 kabla ya kugawanyika kuwa viwili. Kwa hiyo, tangu kuambukizwa hata kutokea doa la kwanza, hupita miaka 5 hivi, pengine 20.

2. Dawa ilipatikana namna gani?

Mwaka 1941, huko Carville katika Marekani, mganga Guy Faget alianza kuwapiga wagonjwa sindano za promini. Vidonda vilivyokaa miaka mingi vikaanza kupona. Kiisha vikaja vidonge vya dapsoni, vyenye bei ndogo. Lakini mwaka 1964 ilihakikishwa katika Malesia kwamba vijidudu vingine vimekwisha kuizoea dapsoni, wala haviuawi nayo tena.

Ndipo waganga walipofahamu kwamba dawa moja haitoshi. Mwaka 1981 wataalamu wa Shirika la Afya la Ulimwengu walishauri kuchanganya dawa: rifampisini, dapsoni na klofazimini. Kijidudu kinachoshinda dawa moja kitauawa na nyingine. Leo mwenye madoa 1 hata 5 hutumia dawa miezi 6. Mwenye zaidi ya 5, miezi 12. Hailipwi hata faranga moja. Na mtu akiisha kuanza dawa, kwa upesi hawezi kuambukiza wengine. Hakuna sababu ya kumtenga na watu wa nyumba yake.

Lakini tufahamu jambo moja: dawa huua vijidudu, haifufui mshipa uliokwisha kufa. Aliyechelewa atapona ukoma, lakini mkono wake uliopinda utabaki.

3. Je, twaweza kujua mapema nani atakayeugua?

Watu wengi waguswao na vijidudu hivyo hawaugui kamwe, kwa kuwa miili yao hujikinga. Mwaka 1919, Mjapani Kensuke Mitsuda alieleza njia ya kuupima ukinzani huo. Huingiza katika ngozi vijidudu vilivyouawa, na kungoja majuma 3 au 4. Pakivimba, mwili unajua kupigana. Pasipovimba, mtu yule akiugua ataugua kwa nguvu. Lakini kipimo hicho hakisemi kama mtu ameambukizwa. Baadaye vilikuja vipimo vya damu. Navyo havitoshi, kwa maana wengi wenye alama katika damu hawaugui, na wengine wasio nayo huugua.

Basi watafiti walifuata njia nyingine: badala ya kuuliza damu, waliuliza nyumba. Anayekaa karibu na mgonjwa ndiye aliye hatarini kuliko wengine. Katika Bangladesh walichukua watu zaidi ya 20,000 waliokaa karibu na wagonjwa, wakawapa wengine rifampisini mara moja tu, na wengine kidonge kisicho na dawa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2008: katika miaka miwili ya kwanza, dawa iliwakinga karibu 57 katika kila 100 ambao wangeugua. Lakini waliokaa karibu kabisa na mgonjwa walikingwa kidogo kuliko wale wa mbali. Kwa hiyo dawa hiyo haiondoi kazi ya kuwachungua watu wa nyumba ya mgonjwa, tena si mara moja.

4. Tufanye nini sisi?

Mwaka 2023 dunia ilihesabu wagonjwa wapya zaidi ya 180,000, na Kongo yetu ni moja ya nchi zenye zaidi ya 1,000 kila mwaka. Ukiona juu ya ngozi doa jeupe-jeupe au jekundu-jekundu lisilowasha, mwambie mwenyewe afumbe macho. Mguse polepole kwa kipande cha pamba, mara juu ya doa, mara kando yake. Kama juu ya doa hasikii, sherti aende kwa mganga juma lile lile, hata kama hana homa wala maumivu. Asingoje liume. Doa hilo halitauma.