Kaburi la Gede na Saa ya Kompyuta

Katika magofu ya Gede lipo kaburi lililochongwa kwa Kiarabu mwaka 802 wa Hijria, mwaka ulioanza Septemba 1399 ya Miladi. Wakati ni mmoja. Kinachotofautiana ni namna ya kuuandika.

Kompyuta nayo hufuata msingi huo. Mifumo mingi huhifadhi wakati kama idadi ya sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, kisha programu huigeuza idadi hiyo kuwa maandishi kulingana na lugha ya msomaji. Hapa ndipo penye utata. Programu ikitafsiri maneno pekee, 02:00 itaandikwa "saa 2:00 usiku". Msafiri wa Gede ataelewa saa mbili baada ya magharibi, yaani 20:00, naye atakosa basi lake.

Kanuni yenyewe si ngumu. Chukua saa ya mfumo wa saa 24, ongeza 6, ugawe kwa 12; baki ndiyo saa ya Kiswahili. Baki ikiwa sifuri, ni saa kumi na mbili. Hivyo 14:00 huwa saa nane mchana.

Kuwafikishia waandishi wa programu kanuni hii ni wajibu wetu sisi wanafunzi wa Kiswahili. Tusipowaeleza, lugha itabaki na maneno yake huku ikipoteza saa yake.