Mkono wa Buda Unatetemeka? Usiseme Tu Ni Uzee

Muhammad Ali aliwasha mwenge wa Olimpiki kule Atlanta mwaka wa 1996 mikono ikimtetemeka, dunia nzima ikiangalia. Watu walilia. Lakini jamaa alikuwa ameambiwa ana Parkinson tangu 1984, akiwa na miaka 42 tu. Mwigizaji Michael J. Fox naye aliambiwa akiwa na 29. Kwa hivyo wasee, hii si story ya maguka pekee.

Iko hivi: kuna seli za ubongo zinazotengeneza kemikali inaitwa dopamini, ile inasaidia mwili kusonga bila kukwama. Seli hizo zinakufa polepole, na dalili zikianza kuonekana, nyingi zishaenda.

Sasa, kutetemeka si lazima. Kitu daktari anatafuta kwanza ni mwili kuwa slow. Buda anachukua milele kufunga vifungo vya shati. Akitembea, mkono mmoja umening'inia tu, haurushiki. Mwandiko unazidi kuwa mdogo. Uso umekauka hadi nyinyi mnadhani amewanunia, na mtaani washaanza kusema ni chang'aa ama amerogwa. Mara nyingi inaanza upande mmoja. Wengine, miaka kabla ya hayo yote, walikuwa hawasikii tena harufu ya chapo zikipikwa, ama walikuwa wanarusha mateke usingizini. (Tulia, kurusha teke moja usiku hakumaanishi wewe ni mgonjwa.)

Na kutetemeka kwenyewe kuna aina. Kwa Parkinson, mkono hucheza sana ukiwa umetulia kwa paja. Ukicheza tu akiinua kikombe cha chai, huenda ni kitu kingine kabisa.

Hapa ndio noma iko: hospitali nyingi hazina kipimo cha damu cha kukuambia ndio ama la. Skani ya kawaida ya kichwa mara nyingi inatoka safi. Hiyo ni ya kuhakikisha si stroke ama uvimbe. Daktari wa neva anategemea macho yake. Atamwambia agongeshe kidole gumba na cha shahada haraka haraka, atembee, ageuke. Anaweza pia kumpa dawa ya levodopa, na nafuu ikiwa kubwa, huo ni ushahidi mzito.

Kwa hivyo wewe na simu yako mna kazi. Mrekodi buda akitembea, akiwa ameketi, akifunga vifungo, juu mbele ya daktari watu wengi hujikaza. Andika ni lini ilianza na ni upande gani. Halafu beba dawa zote anazomeza, hata za kuzuia kutapika, kwa sababu metoclopramide, na haloperidol ya magonjwa ya akili, zinaweza kuleta dalili zilezile, na daktari akizibadilisha mara nyingi zinapungua. Ila asiziache mwenyewe kabla ya kuonwa.