Siku ya kilo isigongane na siku ya shamba



Nianze na kosa langu. Msimu uliopita niliita koperativi moja ya hapa Pangi kwa mafunzo ya kupanda mpunga kwa mistari. Wamama walikuja wengi, nikafurahi. Tulipomaliza, mama mmoja akanikaribia: «Bwana agronomu, leo ilikuwa kilo ya batoto. Tumeikosa juu yako.» Mtoto aliyekuwa mgongoni mwake alikuwa ametimiza miezi 9.

Miezi 9 ndiyo wakati wa chanjo ya surua, ile wengine wanaita rujole, na ya homa ya manjano. Surua ya 2019 na 2020 iliua watu zaidi ya 7 000 katika Kongo yetu, wengi wao watoto wadogo. Mama yule alirudi mwezi uliofuata, saa tatu kwa miguu, na mtoto akachanjwa. Lakini mwezi mzima alikaa bila kinga, kwa sababu mimi sikuuliza kituo cha afya siku zao.

Sisi wakulima tunajua kazi ya kalenda. Chanjo nayo ina kalenda yake: mtoto akizaliwa, halafu juma la 6, la 10 na la 14, halafu mwezi wa 9. Haingoji mpunga uvunwe. Kuanzia miezi 6 mtoto anapewa vitamini A kila nusu mwaka, na akifika mwaka 1 dawa ya minyoo. Mama mwenye mimba naye ana siku zake za CPN, dawa ya kuzuia malaria na chandarua. Kila kitu kikiwekwa siku yake peke yake, mama wa kijiji cha mbali atatembea mara nne kwa mwezi. Wakati wa palizi hatatembea. Atasema: «Mutoto haiko mugonjwa, nitamupeleka ya nini?» Mimi simlaumu.

Kuunganisha hizo kazi si jambo geni Maniema. Kule Kasongo, katika miaka ya 1970, waganga Wakongo pamoja na wenzao wa Taasisi ya Tiba ya Antwerp, Ubelgiji, walipanga vituo ambako timu moja ilitibu wagonjwa na pia kufuata watoto wazima na wamama wenye mimba. Walichanja surua, wakahesabu, na mwaka 1981 wakaandika matokeo katika jarida la Lancet: watoto waliochanjwa walikufa wachache kuliko wasiochanjwa.

Koperativi inaweza nini? Siamini tugeuke kituo cha afya. Kazi yetu ni mpunga, mihogo na njugu. Lakini tuna vitu ambavyo muganga hana: liste ya jamaa zote, hangari yenye kivuli, na mamlaka ya kusema leo hakuna kazi ya pamoja. Kabla ya kupanda mwezi wa kenda, komite itume watu wawili, mmoja awe mama, kwa I.T. wa kituo pamoja na watu wa CODESA. Waweke kalenda mbili mezani. Waombe kilo, chanjo na CPN ziwe siku moja, na kwa vijiji vya mbali timu ije mpaka kwenye hangari yetu. Relé wa kijiji asomewe liste, ajue nani amekosa. Mtoto aliyechelewa asifichwe kwa haya: apelekwe, chanjo nyingi bado zinaweza kutolewa.

Na fishi ya kilo isikae tu katika sanduku. Mimi agronomu naipenda sana karatasi ile. Mstari ukilala au ukishuka katika miezi kabla ya mavuno, inaonyesha kwamba nyumbani kumebaki ugali wa mihogo na sombe tu. Hapo tunazungumza juu ya kutenga kipande cha njugu na maharagi kwa uji wa mtoto, kisichouzwa sokoni.

Jambo moja kwa wababa: siku hiyo mama akiwa na jembe, baba anaweza kubeba mtoto. Kituo hakikatazi.

Koperativi ile ya mafunzo yangu imekwisha kuhamisha siku ya kazi ya pamoja. Sasa mimi ndiye ninayeuliza tarehe kabla ya kuita mtu.