Pumu Hutulizwa: Zijue Dawa Zako Mbili

Pengine katika kitongoji chako yuko mtu ambaye usiku hukaa kitako kitandani akivuta pumzi kwa shida. Kifua chake hulia kama filimbi. Kunapokucha hupata nafuu, akachukua jembe lake na kwenda kwenye mpunga. Majirani husema, "Huyo amezoea." Lakini hakuna mtu anayezoea kukosa pumzi.

Mwaka 2019, kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, pumu iliua watu 455,000 duniani. Wengi wao walikuwa wa nchi zenye kipato kidogo, ambako wagonjwa wengi hawapimwi wala hawapati dawa inayofaa. Vifo vingi vya namna hiyo vinaweza kuzuiwa.

Leo tuelewane juu ya jambo moja. Pumu inahitaji kazi mbili: kufungua njia ya hewa, na kutuliza uvimbe ulio ndani ya njia hiyo. Mgonjwa anayefanya kazi ya kwanza tu yuko hatarini.

PUMU NI NINI?

Hewa huingia mapafuni kwa njia ya mirija. Mirija hiyo imegawanyika kama mti: shina moja, kisha matawi, kisha vitawi vidogo sana. Kwa mtu mwenye pumu, ukuta wa mirija hiyo umevimba kwa ndani. Mara nyingi uvimbe huo upo hata siku anapojiona mzima.

Kata kikonyo cha jani la mpapai, uvute hewa kwa kikonyo hicho. Hewa inapita vizuri. Sasa kibonyeze kwa vidole viwili, kisha uvute tena. Unaona kazi? Hivyo ndivyo anavyovuta mgonjwa pumu inapombana. Misuli ya mirija hukaza, ukuta huvimba zaidi, na makohozi mazito huziba nafasi ndogo iliyobaki.

Pumu haiambukizi. Huipati kwa kula sahani moja na mgonjwa, wala kwa kulala naye chumba kimoja. Mara nyingi huonekana katika ukoo mmoja, kwa sababu mtoto anaweza kurithi mwili wenye mzio.

MZIO NI NINI?

Mwili una askari wake wanaopigana na vijidudu vya magonjwa. Mzio ni pale askari hao wanapopiga kelele za mwizi kwa mgeni asiye na silaha, kama vile vumbi au chavua ya maua. Vita inapoanza, mwili wenyewe ndio unaoumia: pua huchuruzika, macho huwasha, ngozi hutoka vipele, au kifua hubana.

Mwaka 1873 daktari wa Uingereza, Charles Blackley, alieleza katika kitabu jinsi alivyojipaka chavua kwenye ngozi iliyokwaruzwa, na ngozi ikavimba. Ilichukua miaka mingi kujua sababu. Mwaka 1966, Kimishige Ishizaka na mkewe Teruko, Wajapani waliokuwa wakifanya kazi Marekani, waligundua askari wa damu anayehusika. Wataalamu humwita IgE.

VICHOCHEO HAPA KWETU

Si wagonjwa wote wanaochochewa na kitu kimoja. Hapa Ipinda na vijiji vya ziwani tazama haya:

1. Moshi. Jiko la kuni ndani ya nyumba isiyo na madirisha, moshi wa kuchemsha mawese, pumba za mpunga zinazochomwa, na sigara.

2. Vumbi la mashine za kukoboa mpunga.

3. Unyevu na ukungu. Kyela ina mvua nyingi. Ukuta ukilowa, ukungu huota. Hata kakao isiyokauka vizuri huota ukungu. Usiiweke chumba cha kulala.

4. Vijidudu vya vumbi. Ni vidogo mno, macho hayavioni. Hukaa kwenye magodoro, mito na mablanketi. Anika matandiko kwenye jua kali kila upatapo nafasi.

5. Wadudu wa ziwani. Unawajua wale wadudu wadogo wanaoinuka juu ya Ziwa Nyasa kama moshi mweusi. Huko kaskazini mwa Sudan, kando ya mto Nile, wataalamu walikuta watu wenye pumu iliyotokana na mzio wa wadudu wadogo wa majini. Kwa hiyo, kama kifua chako hubana wadudu hawa wanapofika pwani, ingia ndani ufunge madirisha, kisha umweleze mganga.

6. Mafua, baridi, na upepo mkali wa ziwani.

7. Baadhi ya dawa. Aspirini na dawa nyingine za maumivu huwabana baadhi ya wagonjwa. Kila unapopewa dawa, sema kwanza, "Mimi nina pumu."

SI KILA KIKOHOZI NI PUMU

Hapa ndipo wengi hupotea njia. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, pamoja na kukonda, homa na jasho la usiku, kinaweza kuwa kifua kikuu. Pima makohozi. Tiba ya kifua kikuu hutolewa bure. Minyoo nayo, ikiwa michanga, hupita mapafuni kabla ya kufika tumboni, na huleta kikohozi na mlio wa kifua. Mgonjwa wa moyo naye hukosa pumzi akilala chali.

Pumu ina tabia yake. Huja na kuondoka. Huzidi usiku na alfajiri. Huja baada ya moshi, vumbi, mafua au kukimbia. Ukifika kituoni, mweleze mganga habari hizo zote. Maelezo yako ni kipimo cha kwanza.

Kipimo cha pili ni kipima pumzi. Ni bomba dogo lenye mshale na namba. Chombo cha namna hii kilielezwa Uingereza mwaka 1959, na siku hizi kipo kidogo cha kushika mkononi. Unasimama, unavuta hewa nyingi, kisha unapuliza mara moja kwa nguvu zako zote. Unapuliza mara 3, na namba kubwa ndiyo inayoandikwa.

Tuchukue mfano. Mkulima amepuliza, mshale umefika 250. Anapewa dawa ya kufungua njia, anasubiri dakika 15, anapuliza tena. Sasa mshale umefika 320. Umeongezeka 70, yaani 28 katika kila 100. Ongezeko la 20 au zaidi katika kila 100 ni dalili kubwa ya pumu, kwa sababu njia iliyokuwa imebana imefunguka.

Hospitali chache kubwa zina kipimo cha ngozi. Matone ya vitu mbalimbali huwekwa mkononi, na ngozi huchomwa kidogo chini ya kila tone. Baada ya dakika 15 hivi, mahali penye mzio huvimba. Kipo pia kipimo cha damu cha kuhesabu IgE yote mwilini. Lakini kumbuka: minyoo nayo hupandisha IgE. Kwa watu wa vijijini kama sisi, namba kubwa ya damu peke yake haitoshi kusema mtu ana mzio.

DAWA MBILI, KAZI MBILI

Zamani wagonjwa walitegemea zaidi vidonge na sindano. Dawa ilizunguka mwili mzima. Mikono ilitetemeka na moyo ukaenda mbio. Katika miaka ya 1950, binti wa mkuu wa kiwanda kimoja cha dawa Marekani, aliyekuwa na pumu, alimwuliza baba yake kwa nini dawa yake isitiwe kwenye mkebe wa kupuliza. Mwaka 1956 bomba la kwanza la namna hiyo likaanza kuuzwa. Wengi leo huliita inhela. Dawa kidogo tu hutosha, kwa sababu huenda mapafuni moja kwa moja.

Yapo mabomba ya namna mbili. Wewe uliyejifunza kusoma, itumie elimu yako hapa. Usitegemee rangi, kwa sababu viwanda hubadili rangi. Soma herufi 3 za kwanza za jina la dawa.

SAL ni salbutamoli. Hii hufungua njia. Hulegeza misuli ndani ya dakika chache. Hutumika mtu anapobanwa.

BEC ni beklometasoni, na BUD ni budesonidi. Hizi hutuliza uvimbe. Huwezi kusikia nafuu hapo hapo. Kazi yake huonekana baada ya siku au wiki. Hutumika kila siku kama ulivyoelekezwa, hata kama kifua kimetulia. Ukimaliza kuvuta, sukutua kinywa kwa maji uteme, ili usipate utando mweupe mdomoni.

Yapo pia mabomba yanayochanganya budesonidi na dawa nyingine ya kufungua njia, iitwayo formoteroli. Mganga atakueleza namna ya kulitumia.

Wengi hupenda SAL na kuiacha BEC. SAL huleta nafuu upesi, kwa hiyo mtu hudhani amepona. Kumbe uvimbe unaendelea chini kwa chini. Ni sawa na kufyeka majani ya magugu na kuacha mizizi. Kuanzia mwaka 1976, huko New Zealand, vifo vya pumu viliongezeka sana. Uchunguzi ulionyesha kwamba dawa moja kali ya kufungua njia, iliyoitwa fenoteroli, ilihusika. Ilipoondolewa, vifo vikapungua. Mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu ulibadilishwa. Sasa unasema kwamba mgonjwa mkubwa au kijana asitibiwe kwa dawa ya kufungua njia peke yake. Apate na ya kutuliza uvimbe.

Kama unatumia SAL zaidi ya mara 2 kwa wiki, au pumu inakuamsha usiku, haijatulia. Nenda kituoni. Ukipewa SAL peke yake kwa miezi mingi, uliza kwa heshima, "Mganga, na ya kutuliza uvimbe je?" Mama mjamzito naye asiache dawa zake. Mtoto aliye tumboni anahitaji hewa ya mama.

CHUPA YA MAJI NI MSAADA

Wagonjwa wengi, hasa watoto, hubonyeza bomba na dawa ikaishia kooni. Mwaka 1999 madaktari wa Afrika Kusini walitoa matokeo ya uchunguzi wao kwa watoto. Waliona kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita ilifikisha dawa sawa na vyombo vya kununua dukani.

Chukua chupa safi ya maji ya nusu lita. Toboa tundu kwenye kitako chake kwa waya wa moto, lenye umbo la mdomo wa bomba. Bomba likae humo bila kuvuja. Ziba pembeni kwa gundi au utepe. Osha chupa kwa maji ya sabuni, uiache ikauke yenyewe bila kuifuta. Tikisa bomba. Mgonjwa aweke mdomo wa chupa kinywani na kufunga midomo. Bonyeza mara moja, avute na kutoa pumzi polepole mara 5 au 6. Kisha tikisa tena, urudie.

Hesabu pia dawa yako. Mabomba mengi yana mipulizo 200, soma boksi. Ukitumia mipulizo 4 kwa siku, bomba litakwisha siku ya 50. Andika tarehe hiyo ukutani, utafute jingine mapema.

DALILI ZA HATARI

Usingoje asubuhi ukiona haya: mgonjwa hawezi kumaliza sentensi kwa pumzi moja, mbavu za mtoto zinaingia ndani akivuta hewa, ulimi au fizi zina rangi ya bluu, mgonjwa anasinzia au amechanganyikiwa. Kifua kilichokuwa kikilia kikinyamaza ghafla, na mgonjwa bado anahangaika, si nafuu. Hewa haipiti.

Mketishe wima. Mpe mipulizo 4 ya SAL kwa chupa, mmoja mmoja, na safari ianze. Baada ya dakika 20, kama hajapata nafuu, rudia. Mpeleke kituo cha afya kilicho karibu, ambako anaweza kupewa oksijeni na dawa nyingine, au kupelekwa hospitali ya wilaya Kyela. Chale za kifuani haziwezi kufungua mirija. Zinakula muda tu, na muda ndio uhai wake.

Aliyeumwa na nyuki, aliyechomwa sindano au aliyekula chakula fulani, kisha akavimba uso na kubanwa pumzi, naye akimbizwe. Dawa yake ya kwanza ni sindano ya adrenalini pajani.

Ndugu msomaji, mwenye pumu aliyetulizwa hulima, huvua, husoma na kucheza mpira kama wenzake. Ukimjua jirani anayekesha akitafuta pumzi, msomee makala hii.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kazi mbili za dawa za pumu ni zipi?
2. Kwa nini tusome herufi badala ya kutazama rangi?
3. Katika nyumba yako, ni kichocheo gani unaweza kukiondoa wiki hii?
4. Usiku mgonjwa akizidiwa, kijiji chako kitampeleka kituoni kwa chombo gani?