Ukiachiwa Mtoto, Uachiwe na Barua



Katika mashamba ya miwa ya Busoga, nchini Uganda, nyumba nyingi za wafanyakazi zina mtoto wa ndugu. Mama amekwenda Saudi Arabia kwa mkataba wa kazi za nyumbani, au baba amehamia kiwanda cha mbali, na mtoto amebaki kwa mjomba, shangazi au bibi. Desturi hii ni yetu tangu zamani, wala hatuionei haya. Lakini desturi haina muhuri.

Mwenzetu mmoja, mkata miwa, aliachiwa mpwa wake wa miaka sita. Yeye na dada yake waliagana kwa maneno tu. Baada ya miezi minne mtoto alishikwa na tumbo usiku, ikabidi apasuliwe. Daktari akauliza, "Wewe ni nani wake?" Akajibu, "Mjomba." Akaombwa karatasi, hana. Simu ya dada haikupatikana mpaka alfajiri. Mtoto alipona, lakini mwenzetu hapendi kuusimulia usiku ule.

Sheria ya Watoto ya Uganda, iliyotungwa mwaka 1996 na kurekebishwa 2016, inamtaka mzazi, mlezi, au mtu yeyote anayekaa na mtoto ampatie elimu, chakula, mavazi, malazi na matibabu. Maana yake mjomba anabeba wajibu tangu siku ya kwanza. Wajibu anao; ushahidi ndio hana.

Basi tufanye hivi kabla mzazi hajasafiri:

Kwanza, mzazi aandike barua. Ataje jina la mtoto na tarehe ya kuzaliwa, jina la atakayemlea, tangu lini mpaka lini, na kwamba anamruhusu kumwandikisha shule na kukubali matibabu. Wote wawili watie sahihi mbele ya mashahidi.

Pili, barua ipelekwe kwa mwenyekiti wa kijiji wa LC I aigonge muhuri. Makamu wake, ambaye ana dhamana ya watoto, naye aarifiwe. Mwenye uwezo aape pia mbele ya Kamishna wa Viapo.

Tatu, mlezi abaki na cheti cha kuzaliwa, kadi ya chanjo na nakala ya kitambulisho cha mzazi.

Tuelewane hapa. Barua hii haimnyang'anyi mama mtoto wake, wala haimfanyi mjomba kuwa mzazi. Ulezi kamili wa kisheria hutolewa na Mahakama Kuu. Ndugu wakigombania mtoto, waende kwa Ofisa wa Ustawi wa Jamii wa wilaya au Mahakama ya Familia na Watoto, wasimalizane kwa ngumi.

Viongozi wa matawi, wekeni mfano wa barua hii ofisini, na asiyejua kuandika asaidiwe bila malipo. Tajiri akituajiri tunadai mkataba wa maandishi. Je, mtoto wetu astahili kidogo kuliko hapo?