Barabara Inataka Jua

Barabara itokayo Kisangani kwenda Mambasa na Komanda inapita katikati ya pori la Ituri. Udongo wa kule ni mwekundu. Ukiwa mkavu ni mgumu kama tofali. Ukilowa unakuwa laini kama ugali. Kwa sababu hiyo, katika barabara nyingi za udongo za Kongo, mvua ikinyesha bariere inafungwa, na makamyo yanangoja mpaka njia ikauke. Ndizi zinaoza juu ya mzigo. Mgonjwa anayepelekwa hospitali analala njiani.

Nani anakausha barabara? Jua na upepo. Lakini miti mirefu ikiinamisha matawi yake juu ya njia, jua halifiki chini. Mvua imekwisha asubuhi, na mchana majani bado yanadondosha maji. Matone hayo mara nyingi ni makubwa kuliko matone ya mvua yenyewe, tena yanaanguka mahali palepale. Yanachimba kishimo. Gurudumu la kwanza linakipanua, la kumi linafanya shimo, na kamyo ya ishirini inazama. Majani makavu nayo yanaziba mfereji, basi maji yanarudi barabarani.

Tazameni pia njia ya jua. Linatoka mashariki, linashuka magharibi. Barabara yenye kuelekea hivyohivyo inapata jua saa nyingi, hata ikiwa na miti kando. Ile itokayo kaskazini kwenda kusini inaliona katikati ya mchana tu. Kule inafaa kukata miti mbali zaidi.

Je, ikatwe yote? Sivyo. Katika milima ya Kivu mizizi inashika udongo. Mlima ukiachwa uchi, mvua kubwa inauporomosha, na barabara inafunikwa au inakatika ukingo. Na huko Katanga, ambako kiangazi ni kirefu, kivuli hakidhuru sana, wasafiri wanakipenda.

Lakini porini kazi ya panga haina mwisho. Mahali palipofyekwa unaota upesi mti wenye majani mapana kama mwavuli. Mbao zake ni nyepesi, hazidumu, lakini kwa kukua hakuna unaoushinda kwa urahisi. Baada ya miaka mitatu umepita paa la nyumba, na kivuli kimerudi barabarani.