Hadithi, Kisakale au Uvumi? Tujue Kupambanua

Hapa Jang'ombe, kama mahali pengine Unguja, watu wakikaa barazani baada ya sala ya isha hawakosi la kusimulia. Mmoja ataeleza habari za sungura, mwengine za mfalme wa kale, mwengine za shetani ati kaonekana jana usiku. Yote hayo tunayaita hadithi. Lakini si mamoja. Kila aina ina jina lake na kazi yake, na asiyezipambanua anaweza kumtia mwenzake hatarini. Leo tutazame maneno manne.

Kwanza tulieleze neno hadithi lenyewe. Lina asili ya Kiarabu, nalo kwetu lina maana mbili. Hadithi za Mtume (S.A.W.) ni habari za maneno na matendo yake, zilizopokewa kwa watu wanaojulikana majina, mmoja baada ya mwengine. Hadithi za kusimuliana jioni ni jambo jengine. Tusizichanganye.

1. NGANO. Hapa hatusemi ngano ya mkate! Ngano ni hadithi ya kubuni, na msimulizi na wasikilizaji wote wanajua hivyo. Ndiyo maana msimulizi husema "Paukwa!" na watu wakaitika "Pakawa!" Kuanzia hapo wanyama watasema, wala hakuna atakayedai shahidi. Askofu Edward Steere alikusanya hadithi za Zanzibar akazichapisha London mwaka 1870. Humo mna kisa cha Goso, mwalimu aliyesomesha watoto chini ya mbuyu. Tunda lilimwangukia akafa. Wanafunzi wake wakaanza kuushitaki upepo wa kusi. Upepo ukajitetea, wakaenda kwa kiambaza, kisha kwa panya, kisha kwa paka, na kuendelea, hata wakamfikia paa. Ngano hutuchekesha, na huku inatufunza.

2. KISASILI. Hii ni hadithi ya asili ya mambo: watu walitoka wapi, mauti yalikujaje. Wenyewe huipa uzito, hawaisimulii kwa mzaha. Baganda wa Uganda husimulia habari za Kintu, mtu wa kwanza, aliyemwoa Nambi, binti wa mbinguni. Walipokuwa njiani kuja duniani, Nambi alirudi kuchukua ulezi wa kuku wake. Ndugu yake Walumbe, yaani Mauti, akamfuata. Ndivyo kifo kilivyoingia ulimwenguni, kwa mujibu wa kisasili hicho.

3. KISAKALE. Vitabuni utaona pia neno mighani. Hii ni hadithi ya shujaa au mahali pa zamani, na mara nyingi ndani yake mna chembe ya kweli. Tuchukue mfano wa msikiti wa kale wa Kizimkazi Dimbani. Ukutani pake pamechongwa mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107. Hayo ni maandishi ya kwenye jiwe, yeyote anaweza kwenda kuyatazama. Tena zipo simulizi za mtu aitwaye Kizi. Kuna wanaomfanya mfalme, na kuna wanaosimulia vyengine. Hicho ni kisakale. Jiwe halibadiliki, lakini kisa hubadilika kwa kila msimulizi.

Hata jina la Jang'ombe ni hivyo hivyo. Sikio linasikia "ng'ombe", na papo hapo kisa kinazaliwa. Lakini sauti ya jina peke yake si ushahidi.

4. UVUMI. Hapa ndipo penye hatari. Uvumi hauna paukwa, wala hausemi "hapo kale". Unasema: jana, mtaa wa pili, jirani ya shemeji yangu. Mwaka 1995 ulizuka uvumi wa Popobawa. Ulianzia Pemba ukavuka hadi Unguja. Ilisemwa kwamba huwavamia watu usiku majumbani mwao. Ikasemwa pia kwamba aliyevamiwa lazima awatangazie wengine, la sivyo atarejewa. Hebu fikiri: uvumi wenyewe ulibeba amri ya kuutangaza! Usingeeneaje? Watu walilala nje kwa makundi, wamewasha moto. Na hapa mjini kundi la watu lilimuua mtu aliyekuwa mgonjwa wa akili, wakimdhania kuwa ndiye.

Watu hupenda kusema, "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Mwaka ule lililosemwa halikuonekana. Kilichoonekana ni maiti ya mtu asiye na hatia.

Siku hizi uvumi hausubiri baraza, unapita kwenye simu. Basi kabla hujaupeleka mbele, jiulize mambo matatu:
(a) Nani aliyeona kwa macho yake, na anaitwa nani?
(b) Kuna kitu gani cha kuthibitisha?
(c) Likiwa si kweli, nani ataumia?

Ukikosa jibu la (a) na la (b), liache liishie kwako.

Na wewe uliyemaliza kisomo, una kazi nyengine. Chukua daftari, kaa na bibi au babu, uandike anayoyasimulia. Andika jina la msimulizi, kijiji na tarehe. Juu ya ukurasa andika aina yake: ngano, kisasili, kisakale au uvumi. Ngano usiidai shahidi, itaharibika. Lakini uvumi udai shahidi, tena usione haya.